Fundi Aliyempa Zimwi Jina Lake

Mimi sina elimu ya kujivunia. Nilisoma mpaka darasa la pili nikatolewa nikalee wadogo zangu, na herufi zilizobaki nilizipata ukubwani, kwenye kisomo. Lakini majina, Mungu alinijalia. Naweza kukutajia wanawake wote tuliopanga foleni siku kaniki zilipoletwa duka la ushirika, wa kwanza mpaka wa mwisho, na nani alimsukuma nani. Hata mbuzi wa baba yangu nawakumbuka kwa majina.

Huyu ninayetaka kumweleza, jina lake nalijua kuliko yote, na sitaliandika. Nikiliandika tu, na wewe umekulia milimani kwetu, Mtae, Rangwi, Lushoto penyewe au hata bondeni Mombo, hutamwona yeye. Utamwona yule mwingine, mwenye tenga mgongoni. Kwa hiyo nitamwita Fundi, kama tulivyomwita sote.

Alikuwa fundi cherehani. Baraza lake lilitazama njia, nyumba yangu ilikuwa nyuma ya lake, tukitenganishwa na migomba michache na kijimfereji cha maji. Miaka yote niliyokuwa mke wa watu pale, niliamka na sauti ya cherehani ile kama wengine wanavyoamka na jogoo. Ilikuwa ya kukanyaga. Mguu wake wa kushoto ulikuwa mfupi kuliko wa kulia, akitembea anachechemea, lakini akikaa kwenye cherehani hungejua. Alikuwa akisema, "Hapa ndipo ninapotembea sawasawa."

Alizungumza akiwa na pini mdomoni. Nne, tano, zimebanwa pembeni, na maneno yanapita katikati yake kama mbuzi wanaopita uani. Wazee walisema ipo siku atameza moja. Hakumeza. Futi yake ya kupimia haikutoka shingoni ila akienda kuswali: aliivua mlangoni mwa msikiti pamoja na viatu, na akitoka aliivaa kabla ya viatu.

Kama mafundi wote, alikuwa mwongo wa siku. Mama Shabani alikuwa akisimama pale mikono kiunoni.

"Fundi, gauni langu lini?"

"Ijumaa, mama."

"Ijumaa ipi?"

"Ile inayofuata Alhamisi."

"Alhamisi ngapi zimepita, Fundi?"

"Mimi nashona, mama, sihesabu."

Lakini gauni likitoka, limetoka. Hakuwahi kumwachia mtu aondoke na pindo lililopinda. Aliweza kukurudisha kutoka njiani, anakufuata akichechemea, "Simama hapo, umevaa aibu yangu!" Na huku kanzu yake mwenyewe ilikuwa imechanika kwapani tangu nilipoolewa mpaka nilipopata mtoto wa tatu. Mkewe, Mama Rajabu, alisema amechoka kuishona yeye asiye fundi.

Alikuwa mtu wa mizaha hata pale ambapo mzaha haukutakiwa. Tulipoambiwa tuhamie pamoja, tulime shamba la kijiji, mwenyekiti wetu, Bwana Shekue, alieleza mkutanoni kwamba ujamaa ni kama koti moja litakalotufunika sote. Fundi akanyoosha mkono, mzito kabisa, akasema, "Ndugu Mwenyekiti, mimi niko tayari kulishona. Nionyesheni bega la wote nilipime." Watu walicheka mpaka kikao kikavunjika. Bwana Shekue hakucheka. Lakini sikilizeni pia hili: michango ya kijiji, wa kwanza kutoa alikuwa Fundi, na bendera ya ofisi aliishona bure, na mvua ilipoinyeshea akaishona tena.

Na jambo lingine: alimwogopa kinyonga. Kwetu vinyonga ni wengi, wengine wana pembe, na watu wengi hawawapendi, lakini si kama yeye. Akimwona kwenye ua alipanda juu ya kiti, mtu mzima, mwenye wajukuu, anaita, "Mama Rajabu! Mama Rajabu! Mgeni!" Mkewe anakuja na kijiti, anamchukua kinyonga taratibu, anampeleka ng'ambo ya mfereji. Huyo ndiye mtu aliyewatisha watoto wa Usambara nzima.

Sasa niwaambie habari ya zimwi.

Nilipokuwa mdogo, kabla ya Uhuru, mama zetu hawakuhitaji zimwi. Serikali ya wakoloni ilitulazimisha kulima matuta milimani, na kulikuwa na bwana wa kukagua, kaptula ya kaki, fimbo mkononi, akipita shamba kwa shamba. Ukilia unaambiwa, "Nyamaza, bwana wa matuta anapita." Unanyamaza. Hata baba alinyamaza. Uhuru ulipokuja matuta yakaachwa, bwana yule akaenda zake, nasi tukabaki bila wa kututisha. Mama Singano alijaribu kumtisha mwanawe vile vile mwaka uliofuata, mtoto akamjibu, "Si ameondoka?" Akaendelea kulia kwa raha zake.

Basi ujamaa ulipoanza hasa, asubuhi wanawake wote tulikwenda shamba la kijiji. Mabega ya watoto wadogo yalikuwa hayajafikia jembe, na shule hawajaanza. Tuwaache wapi? Fundi alikuwa amesamehewa jembe kwa ajili ya mguu wake. Mama mmoja akamwachia mtoto barazani, wa pili akaona, wa tatu akaona. Mwezi haukuisha, pale palikuwa na watoto ishirini na zaidi, na mtu mmoja mwenye pini mdomoni.

Akawasimulia hadithi. Angefanya nini kingine?

Ila kuna jambo. Kwetu hadithi hazisimuliwi mchana. Hadithi ni za jioni, kazi zimekwisha, moto umewashwa. Anayesimulia mchana huota mkia, ndivyo tulivyofundishwa, na wengine wanasema mama yake hufa. Wazee walimjia: Mzee Mbwana, Mzee Yohana wa Kilutheri, wote wawili pamoja, na hao hawakuwa watu wa kukubaliana. Wakamwambia unaharibu watoto wa watu. Fundi akawasikiliza vizuri. Kesho yake alichukua kaniki mbili alizoziunga pamoja, akazitandaza juu ya ukingo wa baraza kama hema, akawaingiza watoto chini yake. Akasema, "Humu usiku umeingia. Mchana uko nje, kwenu ninyi wazee." Mzee Mbwana aliinama, akachungulia ndani, giza. Akaondoka zake.

Alikuwa na namna yake ya kuanza. Anagonga cherehani kwa mkasi na kuita, "Uzi!" Watoto chini ya kaniki wanaitika, "Sindano!" "Uzi!" "Sindano!" Tulikuwa tunawasikia kutoka shambani, ng'ambo ya bonde, na tunajua watoto wetu ni wazima.

Zimwi lake lilikuwa linapanda na ukungu kutoka bondeni. Lilikuwa na tenga mgongoni, kama matenga ya nyanya, na liliokota watoto walioacha mlango wa ua wazi, au walioonja chakula kabla ya mgeni. Halikuwa na jina. Watoto walimwuliza, "Anaitwa nani, Babu Fundi?" Naye anajibu, "Hajaniambia." Wakamwita Yule. Ikatosha, kwa muda.

Siku moja mimi nilitoka shambani mapema, nina homa. Nikapita barazani nimchukue binti yangu, Zubeda, alikuwa na miaka sita. Nikamkuta Fundi katikati ya hadithi, anapachika mkono wa shati, pini mdomoni, na mtoto mmoja anamwuliza kutoka gizani, "Tumbo likijaa, wengine anawaweka wapi?"

Fundi akajibu bila kufikiri, macho yapo kwenye shati, "Shingoni. Anawaweka shingoni. Shingo yake imevimba, inaning'inia hapa mbele."

Zubeda akatoa kichwa nje ya kaniki. "Kama ya Bi Mwanaidi!"

Watoto wakaangua kicheko. Na mimi nikacheka.

Naliandika hili kwa sababu nimelibeba. Sikucheka sana, nilikuwa na homa. Lakini nilicheka, na watoto waliniona. Mtu mzima akicheka, mtoto amepewa ruhusa.

Bi Mwanaidi alikuwa mjane, jirani wa tatu kutoka kwangu. Alikuwa na tezi la shingo. Enzi zile wengi huku milimani walikuwa nalo, kabla ya chumvi hizi za dawa, lakini lake lilikuwa kubwa, kama embe lililoiva. Hakuna aliyelisema. Alikuwa na miti minne ya peasi, na peasi zake ndizo zilizokuwa tamu kupita zote sokoni, na alikuwa na ulimi mkali mzuri wa kuuzia. "Onja, uone haya kununua kwa mwingine!" Ndivyo alivyokuwa akiita.

Haikupita wiki, zimwi likawa na jina. Jina lake yeye. Watoto wakimwona njiani walikimbia wakipiga kelele, wale wakubwa kwa mchezo, wale wadogo kwa kuamini. Akaanza kujifunga khanga shingoni, jua kali. Halafu siku moja ya soko hakuja, ya pili hakuja. Shamba la kijiji akaacha kwenda, na balozi wa nyumba kumi akaenda kumwuliza, akajibiwa kutoka ndani, mlango haukufunguliwa. Peasi zikaanguka zikaoza chini ya miti, nyuki wamejaa. Mimi niliziona kila nilipopita kuteka maji. Nikapita.

Bwana Shekue akaitisha mkutano. Akasimama akatangaza kwamba kuanzia siku ile ni marufuku kwa mtoto yeyote kuliita zimwi kwa jina la mwananchi yule, na akalitaja jina mara tano ili kila mtu aelewe. Watoto walikuwa nje ya dirisha wanasikiliza. Kesho yake hata waliokuwa hawajui walijua. Shuleni wakachapwa, na likawa tamu zaidi.

Fundi alikaa siku tatu bila kusimulia. Siku ya nne alinijia. "Jirani, nisindikize kwa Bi Mwanaidi." Mwanaume haendi peke yake mlangoni kwa mjane, hilo nililijua, lakini wanawake wa kumsindikiza walikuwa wengi, na mkewe mwenyewe alikuwapo. Sikuuliza kwa nini mimi. Nilivaa khanga yangu nikamfuata.

"Hodi hapa."

"Nani?"

"Fundi. Nipo na mama Zubeda."

"Karibuni, kama hamwogopi."

Alikuwa amekaa ndani, anachambua maharage ambayo nadhani yalikwisha chambuliwa. Fundi akamwamkia kwa Kishambaa, "Onga mshi, dada." Bi Mwanaidi akaendelea na maharage. Halafu akasema taratibu, wala hakuwa na hasira, na hiyo ndiyo iliyoniumiza:

"Ulimpa shingo yangu. Wakampa jina langu. Sasa mimi nimebaki na nini?"

Fundi alikuwa ametoa pini zote mdomoni. Ndiyo mara ya kwanza kumwona hivyo, mdomo wake ulionekana mdogo. Akasema, "Shingo niliitoa mimi, bila akili. Jina nalo nitaliondoa."

"Utaliondoaje? Mwenyekiti ameshindwa."

"Nipe siku mbili za soko."

Nilingoja aseme ni binti wa nani aliyetoa kichwa, na ni nani aliyecheka. Hakusema. Tulipokuwa tunarudi aliniambia jambo moja tu: "Kiraka kilichoshonwa kwa nguvu hakivutwi, kitachanika na nguo. Kinafunikwa na kiraka kikubwa."

Akarudi kwenye kaniki yake. Kwanza alijaribu majina ya kubuni, marefu, yenye kutisha. Watoto wakayasikiliza kwa adabu, wakayasahau kabla ya uji. Akajaribu kumrudisha bwana wa matuta. Wakamwuliza huyo nani. Aliniambia nikiwa naanika nguo, akiwa amesimama upande wake wa mfereji, "Nimeelewa tatizo, jirani. Wanataka jina lenye mtu. Wanataka jina wanalolipitia njiani." Akaitazama cherehani yake. "Na mtu huyo lazima awe yupo, wamwone, waogope, halafu wamwone tena."

Siku aliyoanza hadithi mpya sikuwapo chini ya kaniki, lakini nilikuwa barazani, nimemletea suruali ya mume wangu. Nilisikia yote. Alisimulia kwamba watu wamekosea, zimwi halina shingo nene hata kidogo. Ni futi. Amejizungushia futi shingoni mara mia, kwa mbali inaonekana kama uvimbe. Anapita nyumba kwa nyumba, mguu mmoja mfupi, anachechemea, tap, taap, tap, taap, anapima watoto ajue nani ataenea kwenye tenga. Akamkuta msichana mmoja jasiri anayefunga mlango wa ua. Msichana akamwuliza, "Wewe unaitwa nani?"

Na Fundi akanyamaza. Akanyamaza mpaka nikasikia maji ya mfereji. Halafu akasema jina lake mwenyewe. Lote, jina la kwanza na la baba yake, kama anavyoitwa kwenye daftari la kijiji.

Akaikunjua futi, akaipitisha chini ya kaniki, ikamgusa mtoto wa kwanza mguuni.

Mama yangu! Walitoka mbio wote kwa pamoja, kaniki ikaenda nao, ikawa kama mnyama mweusi mwenye miguu arobaini anayeteremka mlimani, mpaka ikakwama kwenye mfereji. Fundi alicheka hadi akafuta machozi. Mimi nilicheka pia, na mara hii sikuona aibu.

Jina likashika. Sijaona kitu kikishika vile. Watoto walilipeleka shuleni, mabinti walioolewa mbali wakalibeba kwenda kwa wakwe zao, madereva wa malori ya kabichi wakaliteremsha bondeni. Mjomba wangu alikuja kutoka Rangwi mwaka uliofuata akitusimulia habari za zimwi la kwao, Rangwi, lenye futi shingoni. Na Bi Mwanaidi? Soko la pili alikuja. Watoto wakamtazama, wakasubiri kitu kitokee, hakikutokea, mmoja akamwomba peasi. "Onja," akamwambia, "uone haya." Wiki ile ile alikwenda kwa Fundi na kitambaa. "Nishonee blauzi," akasema. "Shingo iwe wazi."

Blauzi ilikuwa tayari Ijumaa. Ijumaa ile ile.

Hapo ndipo watu wengi wanapomalizia, wakimsifu. Lakini mimi nilikuwa jirani, niliona yaliyofuata.

Mengine yalikuwa ya kuchekesha. Mwaka ule watoto walikataa kupimwa sare za shule. Akishika futi tu wanakimbia. Ikabidi awapime kwa macho, na darasa zima la kwanza likavaa kaptula zinazofika kwenye vifundo vya miguu. Na wakwe zake, maskini! Kwetu mke hatamki jina la baba mkwe wake, hata kwa bahati mbaya, hata akiota. Sasa mkwewe Sauda, mke wa Rajabu, akitaka kumtisha mtoto afanyeje? Jina la zimwi ni mwiko mdomoni mwake. Nilimsikia kwa masikio yangu, "Nyamaza, atakuja yule … yule mheshimiwa!" Mtoto akaacha kulia ili aulize mheshimiwa gani.

Mengine hayakuchekesha. Siku ile ile ya kaniki, jioni, nilimsikia Mama Rajabu. Hakuwa mtu wa kupaza sauti. "Umegawa mali isiyo yako," alimwambia. "Jina lile ni la babu yako. Na babu yako alipewa na babu yake. Wewe ulikabidhiwa tu, umpe mjukuu."

Maana kwetu ndivyo ilivyo. Mtoto wa kwanza wa kiume wa mwanao anachukua jina lako. Ukifa, unaendelea kuitwa uani, kula uji, kukaripiwa, kutumwa maji. Hilo ndilo tunaloachiana sisi, wengi wetu hatuna kingine. Fundi alikuwa na watoto wa kiume watatu. Alikuwa akisema, kabla ya mambo haya, "Mimi nitaitwa mara tatu."

Sauda alipojifungua mtoto wake wa kwanza wa kiume, ndugu zake walikuja kutoka Mtae, safari ya kutwa nzima na njia mbaya. Tulipika. Tulikaa tukingoja jina litangazwe, na wale wa Mtae walikuwa wamekwisha kulisikia jina huko huko kwao, na si kwa wema. Mjomba wake Sauda akauliza waziwazi, "Mnataka mtoto wetu watoto wenzake wamkimbie?" Rajabu akatoka nje akamwendea baba yake barazani. Nilikuwa napita na sufuria.

"Baba, tumeonelea aitwe Idi."

Fundi alikuwa anatia uzi kwenye sindano. Akakosa tundu, akalamba uzi, akakosa tena. "Idi ni jina zuri," akasema. "Halina mikunjo."

Mchana kutwa alikanyaga cherehani. Nilikwenda baadaye kuchukua vyombo nikaona: hakukuwa na uzi kwenye cherehani. Sindano inapanda inashuka kwenye kitambaa, inatoboa tu, haishoni.

Mwana wa pili akapata mvulana, akaitwa Hamisi. Wa tatu, akaitwa Salimu. Wajukuu wa kiume walifika watano na hakuna aliyelichukua. Walimpenda, hilo siwezi kusema vingine, walikuwa wakimpandia mabegani. Lakini jioni mama zao walipowaita majina yao uani, yeye alikuwa akiinamisha kichwa kidogo kwenye cherehani, kama mtu anayesikiliza mlango. Hakuwahi kulalamika. Mtu akimtania kwamba amekuwa maarufu kuliko mkuu wa wilaya anacheka. "Mkasi hauombi msamaha," anasema. "Nilishakata."

Nami niliendelea kuishi nyuma ya baraza lile, nikimsalimia asubuhi na jioni, na kicheko changu kipo tumboni.

Nilikutana naye mara ya mwisho Mombo. Shamba la kijiji lilikuwa limeshaota magugu, Bwana Shekue ameshafariki, na mimi nilikuwa nimehamia kwa Zubeda, mbali na pale. Nilikuwa nasubiri gari la kupanda mlimani. Nikamwona ameketi kwenye benchi la mwuza mahindi, bakora katikati ya magoti, jicho moja limefungwa bandeji. Alikuwa ametoka hospitali ya macho. Rajabu alikwenda kutafuta tiketi. Futi haikuwapo shingoni, na bila ile futi nusura nimpite.

"Shikamoo, Fundi."

Aligeuza sikio, si jicho. "Marahaba, mama Zubeda. Bado unaanika nguo na maji yakiwa yanachuruzika?"

Nikakaa. Tukaulizana habari, nani yupo, nani hayupo. Bi Mwanaidi alikuwa amezikwa mwaka uliopita, miti ya peasi ipo. Halafu nikaona gari litakuja wakati wowote, na kwamba yeye ni mzee na mimi si kijana. Nikasema, "Fundi, siku ile Zubeda alipotoa kichwa, mimi nilicheka."

"Nilikusikia."

"Mbona hukunisema? Si kwa mwenyekiti, si kwa Bi Mwanaidi?"

Akapapasa bakora yake. "Ningekusema wangekuwa wanawake wawili wasiokwenda sokoni."

Nilijifuta uso kwa ncha ya khanga, nikitazama malori.

Mbele yetu kulikuwa na mama mmoja kijana, mtu wa bondeni, simjui, na huyo ni miongoni mwa watu wachache nisiowajua jina. Alikuwa na binti wa miaka kama mitano anayegalagala chini, hataki hindi, anataka soda. Mama akambembeleza, akachoka, akasema kwa ukali, "Kula! La sivyo namwita …" Akalitaja. Jina lote, na la baba yake.

Fundi akainua kichwa. "Naam, mama," akaitika.

Mwanamke akacheka. "Si wewe, mzee wangu. Namtisha mtoto."

"Lakini ndiye mimi. Ndivyo ninavyoitwa."

Mtoto alikuwa ameacha kulia. Akasimama, vumbi mgongoni, akamsogelea. Akamtazama bandeji, akatazama mikono inayotetemeka juu ya bakora, akatazama viatu. Alichukua muda wake kama mnunuzi wa kitambaa.

"Siye," akasema. "Yule ni mrefu. Anafika kwenye mawingu."

"Siye kabisa?"

"Siye. Wewe ni mzee."

Fundi akafikiri. Mdomo ulikuwa unamchezacheza, lakini sauti yake haikuwa ya mzaha, mimi nilimjua. "Basi kama mimi siye, mjukuu wangu, hilo jina ni langu. Nirudishie."

Mtoto akamgeukia mama yake, mama akainua mabega. Akamgeukia Fundi.

"Chukua," akasema, akaanza kula hindi lake.

Fundi alifungua kiganja chake, akakifunga, akakaa hivyo. Gari likaja. Watu wakaanza kusukumana, utingo anapiga bati, Rajabu anaita kutoka mlangoni, "Baba! Baba, huku!" na mzee hakusogea. Nilifikiri hajasikia. Nikainama sikioni mwake. Kwa miaka yote ile nilikuwa nimemwita Fundi tu. Nikatanguliza Mzee, kwa adabu, halafu nikamwita kwa jina lake.

"Naam," akaitika, akaninyooshea mkono.